Kitufe cha Pili

Lipovgrad, 1 Oktoba 1978

Mjomba Stamen mpendwa,

Naanza na salamu za nyumbani, maana Mama amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha siziruki. Yeye ni mzima, mgongo tu unamsumbua baada ya kuchuma nyanya za ushirika. Bibi naye yupo, mkali kama ulivyomwacha. Jumapili tulichoma pilipili uani, moshi ukatanda mpaka jirani wa ghorofa ya tatu akafunga madirisha na kututukana. Bibi akamwambia ashuke aonje kwanza, matusi atamalizia baadaye. Alishuka, akaondoka na chupa mbili.

Wewe je? Huko Komi, kwa Warusi, kumeshaanguka theluji? Mama anasema huko miti ni mingi kuliko watu, na kwamba ukirudi utakuwa umesahau kuongea. Uliahidi kurudi majira ya kuchipua. Tunalishikilia hilo.

Sasa habari yangu. Nimeingia mwaka wa mwisho chuoni, na safari hii hatukai darasani tu na michoro. Siku tatu kwa wiki tunapelekwa kiwandani, kiwanda chako cha zamani, karakana ya kugonga bati, tunatengeneza milango ya majiko. Tumo wasichana wawili tu katika kundi letu, mimi na Petrana. Mwalimu wetu wa karakana ni Ndugu Gochev. Anajua kueleza, Mjomba. Alituonyesha mashine kubwa, akasema, "Huyu hashuki mpaka umsalimie kwa mikono yote miwili." Kuna vitufe viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia, vimeachana upana wa mabega. Ukibonyeza kimoja tu hakuna kitu. Ukibonyeza vyote, kichwa cha mashine kinashuka, bati linakuwa mlango. Mara ya kwanza niliiogopa. Sasa naipenda.

Jambo moja nataka kukuuliza. Siku ya kwanza nilijitambulisha kwa mafundi wa zamani, nikasema mimi ni mpwa wa Stamen aliyekuwa msimamizi hapa. Nilidhani watafurahi. Mmoja aliinama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Wengine wakakumbuka kazi. Nyumbani tunajua ulifuata mshahara wa kukata miti Komi ili ununue gari. Kuna kingine?

Petrana anakusalimu ingawa hajakuona. Anasema umletee dubu, mdogo tu, wa kulala naye bwenini siku za masomo, kwa sababu mimi napiga mateke.

Mpwa wako,
Zornitsa


Komi, 29 Oktoba 1978

Zornitsa, mtoto wa dada yangu,

Barua yako imenikuta nimekaa kwenye gogo nakula mkate ulioganda, nikaisoma mara mbili kabla vidole havijakataa. Mshukuru mama yako kwa salamu, na Bibi mwambie hizo chupa za pilipili anazogawa kwa majirani mimi nazihesabu kutoka huku.

Theluji ipo, ndiyo. Imekuja bila kubisha hodi. Kambini tuko Wabulgaria watupu, wapishi wetu wenyewe, ugomvi wetu wenyewe. Mpishi ni mtu wa Plovdiv, kila siku anatuapia kwamba leo supu ina nyama. Tumeacha kumbishia. Kifua changu kilisumbua kidogo, sasa kimetulia.

Nimefurahi kuwa unapenda kazi. Mikono yako ilikuwa na akili tangu ulipofungua saa ya marehemu babu yako ukairudisha ikawa inatembea. Jifunze michoro, jifunze kupima, usimwamini anayesema "inatosha" kabla ya kupima. Yote atakayokufundisha Gochev darasani yashike. Mkiwa karakanani, angalia mikono yako, na ya huyo mwenzako. Vitufe ni viwili kwa sababu mtu ana mikono miwili. Nadhani umenielewa.

Kuhusu dubu, mwambie Petrana niliyemwona juzi alikuwa mkubwa kuliko bweni lenu. Itabidi nyie ndio mhame.

Nakumbatia wote.

Mjomba Stamen


Lipovgrad, 17 Desemba 1978

Mjomba mpendwa,

Salamu kutoka kwenye harufu ya vitunguu saumu na moshi. Jana tulichinja nguruwe. Mama amejaza soseji mpaka vidole vimevimba, Bibi amekaa karibu na jiko anaonja kila kitu "kujua kama chumvi imekolea". Wote wazima. Barua yako ilifika, ila bahasha ilikuwa imebandikwa gundi mara mbili, ya juu bado mbichi. Labda ni unyevu wa njiani.

Hukunijibu nilichokuuliza kuhusu wale mafundi. Sawa. Labda hukusoma vizuri kwa baridi.

Nina habari ambayo sijui niianzie wapi. Mpwa wako amepata tuzo ya uvumbuzi. Picha yangu iko kwenye ubao wa mlangoni, nimetoka na macho makubwa kama bundi.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita kiwanda kilikuwa nyuma ya mpango wa mwaka, na sisi wanafunzi tukaambiwa tufanye zamu nzima kama wafanyakazi. Nikawa naangalia tunavyopoteza muda. Unaweka bati, unatoa mikono, unabonyeza viwili, unatoa mlango, unaweka bati tena. Nusu ya kazi ni mikono kusafiri. Nikatengeneza kibanio kidogo cha chuma cha kukunja, kinakaa juu ya kitufe cha kushoto na kukishikilia chini. Basi mkono wa kushoto unabaki huru kulisha bati, wa kulia unabonyeza. Nilimwonyesha Ndugu Gochev. Alikitazama muda mrefu, mpaka nikadhani nimekosea vipimo. Kisha akasema, "Zornitsa, usimwonyeshe mtu," halafu yeye mwenyewe akampelekea mkuu wa karakana. Wiki iliyofuata vibanio vilikuwa kwenye safu nzima. Milango imepanda karibu maradufu, Mjomba. Katibu wa chama alinishika mkono mbele ya watu wote akasema vijana kama mimi ndio kesho ya nchi.

Petrana ananitania, ananiita Ndugu Kibanio. Mama yake, Mama Nedka, anafanya kazi kwenye safu hiyo hiyo, naye alinibusu shavuni akasema sasa ataenda nyumbani mapema. Petrana anakusalimu, anauliza dubu ameanza kufungasha?

Niambie kama unajivunia mimi. Nataka nilisikie kutoka kwako kuliko kwa Katibu.

Zornitsa


Komi, 6 Januari 1979

Zornitsa,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Velika dada yangu, na kwa Bibi. Tangu Oktoba sijapata kitu kutoka kwenu. Wanasema reli ilizibwa na theluji na mifuko ya posta imekaa sehemu fulani inasubiri. Kwa hiyo naandika gizani, sijui mnaulizia nini.

Tulisherehekea kwa kuimba. Mtu wa Plovdiv alioka mkate wa jibini bila jibini. Tulikula, tukamsifu, kila mmoja akifikiria kwao.

Kuhusu kurudi majira ya kuchipua: nimeongeza mkataba. Mweleze mama yako polepole. Asiulize sana.

Niandikie habari za karakana. Mnalishaje bati siku hizi, na kiwango kikoje? Mwisho wa mwaka watu huwa na haraka.

Mjomba wako


Lipovgrad, 4 Machi 1979

Mjomba,

Sote hatujambo. Mama anakusalimu, Bibi anakusalimu. Nakutumia uzi mwekundu na mweupe wa mwezi wa Machi, ufunge mkononi kama uko nyumbani.

Ameumia sana Mama uliposema umeongeza mkataba. Alifua mashuka ambayo yalikuwa safi.

Masomo yanaendelea. Kulikuwa na wageni kutoka wizarani mwezi uliopita. Kiwanda kilipakwa rangi.

Sina mengi.

Zornitsa


Komi, 30 Machi 1979

Mtoto wangu,

Posta imeachia zote kwa mpigo. Nimepokea ya Desemba na ya Machi siku moja, nikazisoma kwa kufuatana, na tangu hapo sijala vizuri. Salamu za nyumbani nimezipata, mbarikiwe. Uzi nimeufunga. Wenzangu wananicheka, mtu mzima na uzi, lakini kila mmoja ameugusa.

Nianze na ya Desemba. Uliuliza kama najivunia wewe. Zornitsa, kitoe. Kitoe kile kibanio leo, kabla hujamaliza kusoma. Nenda kwenye kila mashine, chomoa, tupa kwenye pipa la vyuma chakavu, halafu urudi usome yaliyobaki. Kitufe cha pili hakikuwekwa kukuchelewesha. Aliyekiweka alijua kwamba mkono uliobaki huru utaingia pale ambapo kichwa kinashuka. Si kwamba mtu ni mzembe. Ni kwa sababu ni Ijumaa, ni kwa sababu bati limekaa upande, ni kwa sababu mtu amekuita jina. Gochev anajua hili. Alipokitazama muda mrefu hakuwa anaangalia vipimo vyako.

Sikukasirikii. Una akili ya kuona tatizo na kulitatua, na walikupa tatizo baya ulitatue.

Sasa ya Machi. Ni barua fupi kuliko zote ulizowahi kuniandikia, hata ulipokuwa darasa la pili na herufi zako zilikuwa kubwa kama viatu. Kiwanda kilipakwa rangi, umesema. Kwa nini? Na Petrana hakunisalimu. Nimeigeuza karatasi nyuma nikitafuta.

Nijibu. Kama huwezi kuandika yote, andika tu kwamba Petrana ananisalimu, nami nitajua.

Stamen


Lipovgrad, 6 Mei 1979

Mjomba,

Leo ni siku ya Mtakatifu Georgi. Mama amechoma mwanakondoo, harufu imejaa ngazi zote. Bibi amepungua, anatembea kwa kushika ukuta, lakini mdomo bado uko vilevile. Wanakusalimu. Mimi nimejifungia chumbani, nimesema kichwa kinauma.

Barua yako ilifika katikati ya Aprili. Nimekaa nayo mpaka leo. Ilichelewa, Mjomba. Ingefika Januari ningechomoa vyote kwa mikono yangu.

Petrana hawezi kukusalimu kwa sababu hataki kusikia jina langu, na ana haki.

Ilikuwa Februari, asubuhi, jua linaingia madirishani. Wageni wa wizara walikuwa njiani na mkuu wa karakana alitaka wakute safu inakimbia. Gochev alikuwa anapita nyuma yetu akisema, "Haya wanangu, haya, wasitukute tumelala." Petrana alikuwa mashine ya kulia kwangu. Alikuwa ananisimulia kitu cha kuchekesha kuhusu mpishi wa bweni, na bati likakaa upande. Akaingiza mkono wa kushoto kulinyoosha huku wa kulia uko kazini. Mkono huru, ule niliomwachia mimi.

Sauti ya mashine haikubadilika. Ndilo linalonitesa. Ilitoa sauti ile ile inayoitoa ikigonga bati, na mimi nikaendelea kulisha mara moja nyingine kabla sijageuka. Hakulia. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zori, nimefanya nini?" Vidole vinne, Mjomba. Kimebaki kidole gumba.

Mama Nedka alikuwa mwisho wa safu. Alikuja akitembea, hakukimbia, kama mtu anayeogopa kufika.

Wageni walifika baada ya chakula cha mchana. Walikuta sakafu imeoshwa na ile sehemu imepakwa rangi ya kijani. Ilikuwa bado mbichi, mmoja wao akachafua kiatu. Sisi tulirudishwa chuoni kwa mlango wa nyuma.

Siku ya pili hapakuwa na kibanio hata kimoja kwenye safu. Picha yangu ilitolewa ubaoni. Nilidhani wamejifunza. Wiki iliyofuata vilirudi, vipya, vya chuma kizuri, vimetengenezwa na karakana ya zana kwa vipimo vyangu.

Sasa kuna kamati ya kuchunguza ajali. Mwenyekiti anatoka ofisi ya mkoa. Gochev aliniita, akafunga mlango. Nakuandikia alivyosema, kwa sababu sina wa kumwambia.

"Mwanangu, utaulizwa. Petrana alikuwa anaongea kazini, si ndiyo?"

"Alikuwa anaongea."

"Basi. Hukuulizwa zaidi ya hapo, hukusema zaidi ya hapo. Una miezi miwili umalize chuo. Nimekuandikia nafasi ya uhandisi Sofia."

"Na kibanio?"

"Kibanio gani?" Aliniangalia machoni, Mjomba, na macho yake yalikuwa na maji. "Ukitaja kibanio, kwanza unajitaja wewe. Umelifikiria hilo?"

Nimelifikiria. Nalifikiria nikila, nikioga. Nikinyamaza, Petrana ni mzembe aliyejikata mwenyewe, na itaandikwa hivyo maisha yake yote. Nikisema, mimi ndiye niliyemkata, na wao ndio walionishika mkono na kunipongeza, na hawatapenda kukumbushwa. Kamati inaniita mwisho wa Juni. Wewe ulikuwa msimamizi pale. Niambie nifanye nini. Na safari hii niambie kwa nini uliondoka.

Zornitsa


Komi, 10 Juni 1979

Zornitsa,

Huku usiku umekwisha kabisa, jua linazunguka tu kama mlevi asiyejua nyumba yake. Mbu ni wengi kiasi kwamba ukifungua mdomo kusalimia umekula. Msalimu Bibi, mwambie ashike ukuta na asiuachie. Msalimu mama yako.

Barua yako nimeichukua msituni nikaisoma mbali na watu. Nimeanza kukujibu mara nyingi. Nilizoanza ziko jikoni kwa mtu wa Plovdiv, amewashia moto.

Nyamaza.

Nimeandika neno hilo na bado wino haujakauka. Sema Petrana alikuwa anaongea, ni kweli, hutakuwa umedanganya. Maliza chuo. Nenda Sofia. Ukiwa mhandisi mwenye muhuri wako utaweza kukataa mashine kama ile kwa saini moja, na hakuna atakayekuuliza sababu. Sasa hivi wewe ni msichana mwenye daftari la michoro. Watakukunja kama bati.

Najua unavyonitazama ukisoma hapa. Najua ni mimi huyu huyu niliyekuambia ukichomoe. Nimekufikiria wewe kwanza, Petrana baadaye, na sioni haya kukiri kwamba kwangu mko hivyo.

Kwa nini niliondoka, usiniulize kwa barua. Bahasha zako nami huzipokea zikiwa na gundi mara mbili.

Nahofia hii itakukuta umekwisha kuitwa. Kama ni hivyo, niandikie haraka, hata neno moja.

Mjomba wako anayekupenda


Lipovgrad, 23 Septemba 1979

Mjomba Stamen,

Nisamehe kwa kimya. Bibi tulimzika mwezi wa nane. Alilala mchana baada ya kula tikiti maji, hakuamka. Mama alikupigia telegramu, sijui kama ilikufikia. Siku zake za mwisho alikuwa anakuulizia, tukamwambia uko njiani. Alisema, "Mnadanganya vibaya," akacheka. Mama anajitahidi. Pilipili mwaka huu hatujachoma.

Barua yako ilinikuta, kama ulivyohofia, nimekwisha kuitwa.

Walikuwa watu watano mezani, na mtungi wa maji katikati. Mwenyekiti aliniuliza kwa upole kama Petrana alikuwa na tabia ya kuongea kazini. Nikasema alikuwa anaongea na mimi pia nilikuwa naongea, lakini kuongea hakukati vidole. Nikasema kitufe cha kushoto kilikuwa kimebanwa, kibanio ni changu, nilikichora na kukitengeneza mimi, na Ndugu Gochev na mkuu wa karakana ndio walioamuru kifungwe kwenye mashine zote, na sasa hivi tunavyoongea vimefungwa, waende wakaangalie, ni mwendo wa kuvuka ua tu.

Hakuna aliyesimama. Gochev alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti alimimina maji, akanywa, akafunga jalada.

"Wewe ni mpwa wa Stamen," akasema.

"Ndiyo."

"Naye alikuja kwenye meza kama hii, na mambo ya mashine. Tulimshauri akapumzishe mdomo wake kwenye hewa safi. Tunasikia anakata miti vizuri."

Basi nimejua, Mjomba, na huhitaji kuniandikia. Nimejua pia ni kitu gani ulichokuwa unakiogopa uliponiambia ninyamaze. Sikukasirikii.

Waliandika kwamba Petrana alikuwa mzembe, na kwamba mimi kwa utundu wa kitoto nilichezea mashine bila idhini. Kwa hiyo wazembe ni wawili. Chuo wameniondoa "mpaka itakapoamuliwa", na ili nisikae bure nimepangiwa kazi kiwandani. Karakana ya kugonga bati, safu ile ile. Tangu Julai nasimama kwenye mashine ya Petrana.

Nilienda kwao. Alifungua mlango mwenyewe kwa mkono wa kulia. Tulikaa jikoni, akasema, "Nimesikia ulichosema mbele yao." Nikasema ndiyo. Akasema, "Haikusaidia." Nikasema hapana. Akanisogezea sahani ya zabibu. Hatujawa kama zamani, lakini nilikula zabibu zake.

Sasa nikueleze jambo ambalo silali vizuri kwa ajili yake.

Nilipoanza kazi nilijiwekea utaratibu. Nikifika asubuhi nachomoa kibanio kwenye mashine yangu, na vya jirani kushoto na kulia kama hakuna mtu anayeniona, naviweka kwenye mfuko wa aproni, nikitoka natupa mtoni. Mashine yangu nailisha kwa mikono miwili, taratibu, kama tulivyofundishwa. Sifikii kiwango cha milango kwa siku, wananikaripia, nazoea. Lakini kila asubuhi vilikuwa vimerudi. Nilidhani ni mkuu wa karakana. Nilidhani ni Gochev. Wiki iliyopita nikawahi zamu nione.

Alikuwa Mama Nedka. Alikuwa ameinama kwenye mashine inayofuata yangu, ambayo sasa ndiyo yake, anakaza kibanio, ana vingine mfukoni. Hakushtuka aliponiona.

"Mama Nedka," nikasema. "Wewe?"

"Mimi."

"Baada ya Petrana?"

"Zori, hujaangalia ubao? Kiwango wamekipandisha tangu kile kibanio chako kilipoingia, na hakikushuka tena. Kwa mikono miwili sikifikii, hata nisipoenda kujisaidia. Nisipokifikia wananihamishia kiwanda cha rangi kule ng'ambo, nalala bwenini, narudi nyumbani Jumapili. Na yule mtoto hawezi kufunga vifungo vya nguo yake mwenyewe."

"Nitakufanyia kazi yako. Nitakuongezea milango yangu."

"Yako yenyewe hufikishi." Alisema bila ubaya, kama anayenihesabia mayai. "Usivitupe tena mtoni. Karakana ya zana wameanza kuuliza, na mimi nimesema ni mimi ninayepoteza."

Nilimwambia nimechora koleo refu la kuingizia bati, mtu asiingize mkono kabisa, na kasi inabaki karibu ile ile. Ni kweli nimechora. Nilimpelekea msimamizi, akageuza karatasi juu chini, akasema, "Wewe tena na michoro?" akaitia kwenye droo. Mama Nedka alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kitu kizuri," akasema. "Siku wakikileta nitakitumia. Sasa sogea, mwanangu, kengele inakaribia."

Nikasogea. Sikuona la kufanya, Mjomba. Nilisogea, akakaza kibanio changu kwenye mashine yake mpaka kikalia tiki, akapangusa mikono kwenye aproni.

Ya kwangu bado nailisha kwa mikono miwili. Lakini siisikii mashine yangu tena, nasikia ya kwake. Kichwa kinaposhuka nageuka, nangoja mpaka nione mikono yake yote miwili imetoka, ndipo nabonyeza vyangu. Kinashuka tena, nageuka tena. Kutwa nzima hivyo. Amezeeka tangu Februari, na mchana, jua likiingia madirishani, macho yake yanakuwa mazito.

Nakuandikia nimekaa kwenye ngazi za ua, wakati wa chakula. Amemaliza kula kabla yangu. Ameingia ndani, kwenye mashine yake, na hajanisubiri.

Zornitsa